Kisolo na Binti Zetu

Tukianzisha klabu ya michezo ku masomo, ili mabinti wapende hesabu na sayansi, wazee wengine wanauliza: kisolo cha Waluba ni mchezo wa wanaume, juu ya nini kuwapa wasichana? Tuwajibu kwa heshima. Ubao una mistari 4 ya mashimo. Mchezaji anagawa mbegu moja moja, na mbele ya kuanza anahesabu zitaishia wapi. Ndiyo akili ile ile inayotakiwa kwa programu za kompyuta. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaagiza serikali iondoe kila ubaguzi juu ya mwanamke. Basi tuulizane: tunalinda mchezo, ao tunalinda kiti cha mchezaji? Tunaomba wazee wenyewe waje kufundisha watoto wote, mbele kisolo kisahauliwe.