Darsa la leo, Ramadhani 16: Nani anamsemea mgonjwa?

Ndugu zangu wa Masuguru na mlio safarini.

Saad bin Muadh (r.a.) alipopigwa mshale kwenye vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Madina ili Mtume (s.a.w.) awe karibu kumjulia hali. Vitabu vya sira vinamtaja Rufaida, mama wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyekuwa akitibu majeruhi humo. Angalieni: tiba ilisogezwa karibu, na mgonjwa alikuwa na mtu wa kumuulizia.

La kwanza tunalo kiasi. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Haijatimia kote, lakini si kila homa ikimbizwe Magunga au Bombo. La pili ndilo linatushinda.

Niseme kosa langu. Ramadhani iliyopita mzee mmoja wa safu ya mbele, ana kisukari, aliniuliza kama afunge. Nilikuwa nawahi kuadhini, nikamjibu, "Mzee wangu, wewe funga tu, saumu ni afya." Sikumuuliza anatumia dawa gani wala daktari kasemaje. Siku ya tatu, alasiri, wakamkuta uani anatetemeka, jasho linamtoka. Sukari imeshuka. Alhamdulillahi, mjukuu wake alijua, akampa chai ya sukari, wakampakia kwenye bodaboda.

Nilipofika zahanati nikamkuta anaitikia kila neno, "Ndiyo daktari, ndiyo daktari." Tulipotoka nje nikamuuliza kaambiwa nini.

"Sijasikia vizuri shehe. Nimeona haya kumuuliza tena."

Tukarudi ndani wote wawili. Nikauliza mimi: hizi anywe saa ngapi? Afunge au asifunge? Akizidiwa usiku tufanyeje? Mganga wala hakukasirika. Akaeleza upya taratibu, akatuandikia. Dakika kumi hazikufika.

Kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 85, Allah anatufahamisha kuwa anayemuombea mwenzake jambo jema ana fungu lake katika hilo jema. Tunaisoma sana tukizungumzia kuombeana kwa wakubwa. Mimi siku hizi naikumbuka pale kwenye benchi la zahanati.

Hukumu yenyewe mnaijua, Al-Baqarah 184: mgonjwa ameruhusiwa kula. Akitarajia kupona atalipa, asiyetarajia atalisha maskini kwa kila siku. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga, msiogope kipimo. Ukianza kutetemeka, fungua hapo hapo hata magharibi ikibaki nusu saa. Na dawa usiipunguze kwa maneno ya barazani (wala ya shehe mwenye haraka), kamuulize aliyekuandikia.

Halafu wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, sera ya serikali inawapa msamaha wa matibabu. Wengi wanakaa nyumbani kwa kuogopa gharama, na hakuna kijana wa kuwaendea kuulizia.

Leo baada ya tarawehe, mwenye mzazi anayetumia dawa za presha au sukari abaki kidogo. Njooni na vile vikaratasi vya dawa, tupangane nani anamsindikiza nani kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.