Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika somo la methali, ni chache zinazotupa kazi ndogo kuliko hii. Mwalimu huiandika ubaoni, akawaeleza wanafunzi kwamba mgeni akifika kuku huchinjwa, na wenyeji nao hupata kitoweo ambacho siku za kawaida hawakioni. Kisha huendelea na methali inayofuata. Nami nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi naifundisha kwa uangalifu zaidi, na sababu yake ni swali nililoulizwa na jirani yangu hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Jirani huyo amenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, nami humwita mzee kwa heshima. Jioni moja alinyoosha mkono, akagusa upande wa ndani wa kiwiko, akasema: "Mwalimu, wewe husoma vitabu. Nilipokuwa mtoto, kabla sijaanza shule, walikuja watu na gari. Mama alinishika, wakanitoa damu. Sikuwa mgonjwa. Damu ile ilikwenda wapi, na ilimponya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na katika kulitafuta nikakutana na swali kubwa zaidi, ambalo ndilo shabaha ya makala haya: mtafuta elimu akichukua kitu kwa mtu mmoja kwa faida ya watu wengine, ambao pengine hata hawajazaliwa, je, hubaki na deni? Na kama analo deni, hulilipa kwa kitu gani?

Kwanza hatuna budi kuyaeleza mambo yenyewe. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyekuwa na uvimbe katika taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyohiyo huko Jinja. Mmoja angaliweza kusahauliwa. Wawili walimfanya aulize. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akawaandikia madaktari wa sehemu nyingi za Afrika, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari kwa muda wa wiki kumi, yapata kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara. Alikuwa na wenzake wawili, na mmoja wao ni Daktari Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, iliyo papa hapa karibu na Arua. Walikuta kwamba saratani ile ilifuata joto na mvua: ilionekana katika nchi za chini zenye unyevu, ikakosekana kwenye milima yenye baridi. Burkitt alidhani kwamba huenda inaletwa na mbu.

Mwaka huohuo alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba ndani ya seli za uvimbe huo wameona virusi vya aina isiyojulikana kabla.

Hapo fumbo halikuisha, bali lilizidi. Virusi hivyo haviletwi na mbu. Huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Mimi ninavyo, na wewe msomaji yamkini unavyo. Kwa kawaida kinga ya mwili huvidhibiti kimya maisha yote. Kwa nini basi mtoto mmoja miongoni mwa maelfu apatwe na saratani? Sehemu kubwa ya jibu ni malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake hupungukiwa na nguvu ya kuvizuia virusi hivyo, na wakati huohuo seli za damu zinazovibeba huchochewa zizaane kwa wingi. Ndiyo maana ramani ya uvimbe ilifanana na ramani ya mbu. Burkitt alikosea njia ya ugonjwa, lakini hakukosea mahali pake.

Je, virusi hutangulia ugonjwa, au hufuata? Swali hili halikuweza kujibiwa kwa damu ya wagonjwa. Ilihitajika damu ya watoto wazima, iliyochukuliwa kabla mtu yeyote hajajua nani ataugua. Ndipo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, likaja West Nile chini ya uongozi wa Guy de-Thé. Kati ya mwaka 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 walitolewa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978: miongoni mwao 14 walikuwa wamepatwa na saratani ile, na damu waliyotoa walipokuwa wazima ilionyesha kwamba tayari walikuwa na kingamwili dhidi ya virusi hivyo kwa wingi kuliko wenzao.

Basi damu ya jirani yangu ilikwenda huko. Yeye si mmoja wa wale 14, na kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kwamba damu yake ilikuwa bure. La hasha. Siku ile mama yake alipomshika, hakuna aliyeweza kuwatambua 14 hao katika maelfu. Ilibidi wote watoe, ili wachache wajulikane.

Sasa turudi kwenye deni. Wapo wasemao kwamba hapana deni: damu kidogo hurudi mwilini baada ya siku chache, na elimu si bidhaa ya sokoni hata idaiwe bei. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inapima kitu kisichopasa kupimwa. Mama yule hakutoa damu tu. Alitoa imani yake, akamweka mwanawe mbele ya sindano ya mtu ambaye pengine hakumjua wala hakuielewa lugha yake. Damu hurudi yenyewe. Imani hurudishwa na aliyeipokea.

Wapo wengine wasemao kwa uchungu kwamba mgeni alikula kuku peke yake. Ugonjwa unaitwa kwa jina la Burkitt, virusi vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr, na hata Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyefanya kazi pamoja nao, jina lake halimo. Sembuse mtoto wa Mulago! Naukubali uchungu huo, lakini sidhani kwamba jina ndilo deni lenyewe. Jirani yangu hakuuliza kwa nini jina lake halikuandikwa. Aliuliza, "Ilimponya nani?"

Kwa swali hilo, haki inatutaka tuseme kwamba mwenyeji naye alipona kwa kiasi. Kampala ya wakati wa Burkitt haikuwa na mashine za mionzi, naye akajaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, jambo lililowashangaza madaktari wa nchi nyingi. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kuwatibu watoto hao, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kiongozi wake wa kigeni alipoondoka mwaka 1972, Mganda Charles Olweny aliishika kazi katika miaka migumu. Leo mtoto akiwahi, na akapata tiba kamili, ana tumaini kubwa la kupona. Chanjo ya virusi hivyo bado haijapatikana, lakini kila mtoto anayekingwa na malaria anakingwa pia kwa sehemu na saratani hii.

Mtoto akiwahi: hapa ndipo dhamiri yangu inaponisuta. Nilipokuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi, mwanafunzi wangu wa darasa la tatu alikuja shuleni akiwa na shavu lililovimba. Nilimwambia kwamba ni jino, akamwambie baba yake ampeleke likang'olewe. Wiki zikapita, uvimbe ukakua, naye akaacha kuja. Mwisho wa muhula tulikwenda mazikoni. Sijui alikuwa na ugonjwa gani, na sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba elimu iliyotokana na damu ya watoto wa wilaya hii ilikuwa imekwisha kuchapishwa zamani, nami mwalimu sikuwa nayo hata neno moja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: deni lipo, nalo halilipwi kwa ugunduzi peke yake. Elimu iliyochukuliwa kijijini na kuishia katika kitabu kisichosomeka kijijini imelipwa nusu. Nusu ya kwanza ni kazi ya daktari. Nusu ya pili ni kuirudisha elimu hiyo kwa lugha ambayo mama aliyemshika mwanawe anaielewa, na kazi hiyo, ndugu waalimu, hatuwezi kusema kwamba si yetu. Sisi ndio tunaotafuta maneno ya kinga, virusi na saratani, na kuyatia katika imla na ufahamu, badala ya kurudia kila mwaka habari ya sungura na fisi.

Nilimrudia jirani yangu nikamweleza yote kwa Kiswahili, naye akawageukia wajukuu wake akawaeleza kwa Kilugbara. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mtoto akivimba taya, tusingoje?"

"Tusingoje, mzee," nikamjibu. "Hata siku moja."

Akawageukia wajukuu tena, akawaambia na hilo.