Kipaji Kinachonificha

Mimi ni mzuri wa kuhariri. Nikipewa mswada wa mtu naona palipolegea kabla sijamaliza ukurasa. Basi watu wananiletea: hotuba ya harusi, barua ya kazi, hata riwaya nzima. Nawajibu, "Lete tu." Na kusema kweli, napenda wanavyonishukuru.

Daftari langu mwenyewe lina simulizi ya mama, jinsi alivyoondoka Pangani kwa jahazi akiwa binti wa miaka 16. Nililianza miaka minne iliyopita. Limefika ukurasa wa 11.

Nilikuwa najitetea kwamba sina muda. Halafu namkumbuka Shaaban Robert: aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni miaka na miaka, na alipofariki 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20. (Sisemi kila mtu ataweza, wengine wanashuka daladala saa tatu usiku.) Lakini mimi muda ninao. Ninaugawa tu.

Kinachonisumbua ni hiki: je, ni wema kumsaidia mtu ikiwa ninamsaidia ili nisiikabili kazi yangu? Kuhariri hakunitishi. Kuandika kunanitisha, maana pale wa kulaumiwa ni mimi.

Mwezi uliopita mama alimwita mdogo wangu kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Akacheka, nasi tukacheka. Usiku ule nilikuwa na mswada wa rafiki, zimebaki sura mbili. Nikamwandikia: ndugu yangu, nisubiri. Nikamfuata mama jikoni na daftari, nikamuuliza lile jahazi lilikuwa la nani.