Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 10: Nani Amemwamsha Jirani?



Leo nina jambo la kukiri. Juzi baada ya tarawehe nilimwamkia mzee mmoja wa mtaani kwetu, nikamuuliza habari za daku. Akacheka kidogo. "Daku, ustadhi? Siku ya nne hii nafunga bila daku. Nasubiri mtu agonge dirisha, hagongi mtu. Nakuja kuamka kwenye adhana."

Mzee hana simu. Kati ya nyumba yake na yangu kuna migomba michache tu. Simu yangu inalia saa kumi kila usiku, nakula, nashiba. Wallahi niliona aibu.

Wakubwa mnakumbuka. Vijana walipita na madebe, wakiita watu kwa majina. Na mwezi je? Ramadhani ikiangukia msimu wa mvua kama sasa, ukungu unaficha hata Mlima Rungwe, sembuse mwezi mwandamo! Watu walijaa kwa mwenye redio kusubiri tangazo la RTD. Aliyelisikia hakukaa nalo. Alimtuma mtoto akapige hodi kwa jirani. Leo tangazo linaingia kwenye simu, na mtu analala nalo mfukoni.

Sisemi simu ni mbaya, hata maneno haya unayasoma kwenye simu. Debe si sunna, na redio si nguzo. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tufunge kwa kuandama mwezi, na mawingu yakituziba tukamilishe siku 30 za Shaabani. Hilo halibadiliki. Njia ya kupashana habari inabadilika, na hakuna dhambi.

Lakini tazama Madina. Bilal (r.a.) aliadhini usiku bado, ili aliyelala aamke. Watu wakaendelea kula mpaka adhana ya Ibn Umm Maktum (r.a.). Naye alikuwa kipofu! Alfajiri hakuiona kwa macho yake, alingoja aambiwe kuwa kumekucha. Yaani saumu ya mji mzima ilipita kwenye mdomo wa mtu anayemwambia mwenzake.

Hicho ndicho tulichopoteza sisi. Debe liliamsha mtaa, alamu inamwamsha mwenye simu tu. Mzee, mjane, mgonjwa, kijana aliyesilimu juzi na kwao hakuna mwingine anayefunga, hao nani anawaamsha?

Amali ya leo ni ndogo. Kabla hujalala, chagua mtu mmoja. Mwenye simu mpigie, asiye nayo mgongee dirisha. Gonga kwa adabu, maana majirani zetu wengi si Waislamu nao wana haki ya kulala. Na jioni ukiepua ndizi au magimbi ya futari, sahani moja ivuke uwanja. Anayemfuturisha aliyefunga anapata ujira kama wake, na wa mwenzake haupungui.

Usiku wa kuamkia leo niligonga dirisha la mzee. "Nani?" Nikasema, "Daku, mzee wangu." Kimya kidogo, halafu nikasikia kiberiti kinawashwa.

Yaa Allah, zitakabali saumu zetu, na usitujaalie kuwa watu wa kushiba huku jirani amesahauliwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho in shaa Allah.