Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe

Methali hii inawapambanisha watu wawili: tunayekula naye na tuliyetoka naye tumbo moja. Kufa kunakotajwa si kufuatana kaburini. Ni kuubeba msiba wa mwenzio kama wako, hata pale usipotarajia malipo.

Malava, kwa Wakabras, tawi la Waluhya, kaskazini mwa mji wa Kakamega, kauli hii huwagusa dada kwa namna ya pekee. Mila ya Waluhya hairuhusu watu wa ukoo mmoja kuoana, hivyo mabinti waliolala kitanda kimoja huolewa katika koo nyingine: mmoja Lubao, mwingine Matete, wa tatu Butali kwenye mashamba ya miwa. Kila mmoja hula miaka yote na watu wa kwa mumewe. Lakini akilazwa au akifiwa, anayeshuka kwenye bodaboda usiku na kuingia moja kwa moja jikoni, mara nyingi ni dada yake. Watoto wa nyumba humwita mama, na wanajua kwamba jina hilo lina kazi.

Undugu huu una siri yake. Kwa desturi, ardhi ya baba iligawiwa wana wa kiume, nao ndio waliopelekana kwa chifu kwa ajili ya mipaka. Dada hawakuwa na mpaka wa kugombania. Walichobaki nacho ni kufaana.

Hata hivyo, Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui mtoto wa kike, na Katiba ya 2010 imeutilia nguvu usawa huo. Kaka anayempigia dada simu achangie mazishi, kisha akalisahau jina lake siku ya kugawa shamba, ameigeuza methali: mzaliwa naye amekuwa wa kufa naye tu, si wa kula naye.

Wahenga waliotuachia methali hii walisema pia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Damu pekee haitoshi, basi. Kuzaliwa pamoja ni deni linalolipwa kwa vitendo. Dada nao, wakishapata vipande vyao, watakuwa na mipaka ya kugombania kama kaka zao. Hiyo si sababu ya kuwanyima. Undugu uliodumu kwa kuwa hapakuwa na cha kugawana bado haujapimwa.