Ukingo wa Shamba

Sisi wahubiri wa Nakuru tunaujua vizuri mstari wa mpaka. Laana ya Kumbukumbu la Torati 27:17, kwa yeyote anayesogeza alama ya jirani yake, imehubiriwa Bahati, Njoro, Molo na Subukia, na baada ya vurugu za uchaguzi zilizotupata Januari 2008 hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Lakini kuna amri nyingine juu ya ukingo huohuo, na hiyo hatuigusi sana. Imo katika Mambo ya Walawi 19:9-10: mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, awaachie maskini na mgeni. Amri ya kwanza inalinda cha jirani. Hii ya pili inaingia kwenye chako wewe, na nadhani ndiyo maana huwa tunaisoma mbiombio.

Tazama ukingo wenyewe ulivyo leo. Mahindi yamesukumwa hadi kwenye nguzo za seng'enge, na kipande kilichobaki kimepigwa dawa ya magugu mpaka kikageuka rangi ya kutu. Hapo ndipo palipokuwa pakiota mmea ninaotaka kuutetea wiki hii. Wataalamu wanauita Leonotis. Jina hilo huenda hulijui, ila mmea umeuona kando ya njia ukitoka Gilgil kwenda Naivasha: shina la pembe nne, refu kuliko mtu, lililovikwa mafundo ya miiba yenye ukubwa wa limau, moja juu ya jingine. Kwenye kila fundo huchomoza maua membamba ya rangi ya machungwa, yenye manyoya laini. Watoto huyachomoa na kufyonza utamu wake.

Anayewatangulia watoto ni ndege aitwaye chozi, hasa yule wa mabawa ya dhahabu. Mdomo wake umepinda kwa kiasi kilekile ulivyopinda mrija wa ua. Anapouchomeka ndani, mdomo wa juu wa ua humpaka chavua kichwani, naye huibeba mpaka ua lingine bila kujua kwamba ametumwa.

Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, walimchunguza ndege huyu karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1975 wakachapisha waliyoyaona. Kila chozi alikuwa na eneo lake, na maeneo yalitofautiana sana kwa upana, ila maua yaliyomo yalikaribia idadi moja: takriban 1,600, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku moja. Kulinda eneo hilo si bure. Saa moja ya kufukuza wenzake humla nguvu mara tatu ya saa moja ya kula. Kwa hiyo maua yanapojaa bonde zima, huacha kufukuza, hakuna faida. Yanapokuwa haba kupita kiasi huacha pia, kwa sababu vita vingemmaliza.

Sisemi kwamba chozi ni mtakatifu. Ni mchoyo, na ana fujo. Lakini hata katika uchoyo wake anajua siku yake inahitaji nini, na akishakipata hana haja ya bonde lote. Nimeona familia zikienda mahakamani kwa ajili ya ukanda wa ardhi usiotosha hata mistari miwili ya maharagwe, zikauza ng'ombe kulipa wakili. Tunaomba riziki ya leo kila Jumapili kwa sauti moja, kisha Jumatatu tunalinda ya miaka mia.

Nakuru inajulikana kwa ua jingine, pareto, lililoletwa kutoka Dalmatia, ambalo kazi yake ni kuua wadudu. Sina ugomvi nalo. Limesomesha watoto wengi wa Molo. Hili la kwetu linawalisha wadudu. Nyuki wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa hulipenda, na anayelima matunda ya pasheni anajua kwamba bila nyuki hao mavuno yake ni majani matupu.

Basi uache ukingo, na uupande. Zipo aina mbili za kawaida: moja hufa baada ya msimu wake, nyingine, Leonotis ocymifolia, ina shina gumu chini na hudumu miaka. Tafuta hiyo ya pili. Mafundo yakikauka, funga mkono kwa kitambaa kizito maana miiba haina huruma, uyapigepige juu ya gazeti mpaka mbegu zimwagike. Zipande mvua ndefu zinapokaribia, mahali penye jua, uzifunike kwa udongo kidogo tu. Udongo wetu wa majivu ya volkano unaufaa kwa sababu maji hayatuami, usiutilie mbolea. Ukishamaliza kuchanua, ukate ufike magotini, utachipua tena.

Kabla ya yote hayo, mwite jirani mje mpakani pamoja, umwonyeshe unapotaka kupanda. Mmea huu unaweza kupita mita mbili, na kivuli chake asubuhi kitaangukia upande mmoja, jioni upande mwingine. Akisema maharagwe yake yataumia, sogea ndani hatua moja, upande wako.