Kosa Linalojulikana

Wahenga walinena kuwa kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Neno hilo ni jepesi kinywani lakini zito katika mizani, na kazi moja ya siku hizi yastahili kupimwa kwalo: uandishi wa vivinjari vya intaneti na programu za barua pepe.

Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa nyumba kubwa yenye vyumba vya nambari. Programu hupewa vyumba, huvitumia, kisha huvirudisha. Katika lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyumba hiyo haina bawabu. Programu ikiandika kupita chumba cha mwisho, au ikirejea chumba ilichokwisha kukirudisha, haizuiwi. Mwovu ajuaye hayo hutunga ukurasa kwa hila, akaingia chumba kisicho chake na kuitawala nyumba nzima. Mwenye kompyuta hakutenda lolote ila kufungua na kusoma.

Je, hiyo ni ajali au ni hatia? Mtetezi hujibu kuwa binadamu si malaika, naye husema kweli. Lakini ajali ni jambo lisilotazamiwa, na hili limetazamiwa zamani. Mwaka 1980, akipokea Tuzo ya Turing, Mwingereza C. A. R. Hoare alisimulia jinsi wateja wake walivyoulizwa kama ukaguzi wa mipaka uondolewe ili kazi iende mbio, wote walikataa. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris ulipitia ufa wa namna hii, miongoni mwa njia zake, ukaingia maelfu ya kompyuta. Mwaka 2020 wahandisi wa Chromium walieleza kuwa karibu asilimia 70 ya makosa yao mazito ya usalama yalikuwa ya kumbukumbu.

Hata hivyo, haki haihukumu kwa pupa. Kivinjari kina mamilioni ya mistari; kukibomoa chote ni gharama, na ujenzi mpya huja na makosa mapya. Mozilla ilichagua njia ya kati: ililea lugha ya Rust, yenye bawabu, na mwaka 2017 ikaitumia kuandika upya sehemu ya Firefox ipangayo sura ya kurasa. Thunderbird, programu ya barua iliyojengwa juu ya msingi uleule, hurithi nyufa zake; lakini hufunga hati tendaji wakati wa kusoma barua, na kwa hiyo hatari hupungua.

Basi mizani yatoa hukumu mbili. Aliyerithi nyumba yenye ufa hana lawama ya ufa. Ana deni la kuuziba. Lakini ajengaye chumba kipya kwa udongo uleule, hali udongo bora upo na wageni wamelala ndani, hakukosea: amechagua. Na achaguaye hatari hana haki ya kuitwika shingo ya mwingine.